Waliozaliwa Mwezi Mmoja

Novi Sad, 17 Septemba 2017

Mama yangu mpenzi,

Nakubusu mkono. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na pilipili za ajvar, ile rojo yako ya kupaka mkate, umeshazichoma bila kuunguza vidole kama mwaka jana. Sisi hatujambo. Bojan yuko barabarani, safari hii lori limempeleka Austria, na anakusalimu. Relja ameota jino la kwanza. Analia, anatafuna kila kinachomkaribia, hata ndevu za baba yake.

Ognjen hajambo? Anakula? Usisahau kwamba hali chakula kilichogusana na kingine: viazi vikae upande wake na mayai upande wake. Soksi zake zigeuze, mshono uwe nje, la sivyo atazivua hata kwenye baridi.

Umeniuliza mara mbili tunakuja lini kumchukua. Mama, nyumba yetu unaijua, chumba kimoja na sebule, na kila Relja akipata usingizi Ognjen anaanza kurukaruka. Tangu Agosti tulipomleta kwako hapa pametulia kidogo. Acha akae kwenye hewa safi. Tutaona.

Nililotaka kukueleza ni hili. Nimemwandikisha Relja kwenye utafiti hapa mjini. Wanachunguza watoto wachanga ambao kaka au dada zao wana usonji kama Ognjen wetu, kwa kuwa hao wana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kuwa nao. Usiruke kwenye kiti. Haumii. Namkalisha mapajani, wanambandika kifuani vibandiko vyenye waya mwembamba, halafu wanamwonyesha picha kwenye skrini: uso wa mwanamke anayezungumza, mwanasesere, mpira. Huku yeye anatazama, wao wanasikiliza moyo wake.

Mtafiti anaitwa Teodora, binti mdogo kuliko mimi. Alinieleza taratibu. Mtoto akikizingatia kitu kwa kweli, moyo wake unapunguza mwendo na kutulia hapo. Akichoka nacho, moyo unarudia mwendo wake hata kama macho bado yako palepale. Kwa hiyo macho yanaweza kubaki kwenye kitu na mtoto mwenyewe ameshaondoka.

Relja anaweza kuitazama taa ya jikoni muda wote ninaokata vitunguu. Nilidhani anaipenda. Sasa namtazama na sijui kama yupo.

Majibu hawatoi. Teodora anasema moyo wa mtoto mmoja bado hauwaambii kitu, wanalinganisha mioyo ya watoto wengi. Nimemwambia nimeelewa. Sijaelewa.

Mbusu Ognjen utosini kwa ajili yangu, haraka, kabla hajakwepa.

Mwanao,
Nevena

Brestov Do, 1 Oktoba 2017

Nevena mwanangu,

Mungu akupe afya, wewe na mumeo na huyo mtafuna ndevu. Barua yako ilichelewa kwa sababu pikipiki ya Mile wa posta imekufa na miguu yake haipendi kazi. Najua ulininunulia simu. Huku bondeni haishiki mtandao, na nikiipandisha kilimani ikashika, kwa masikio haya yangu nasikia nyuki tu. Tuendelee kuandikiana, karatasi haihitaji kupigiwa kelele.

Ajvar imejaa kabati. Vidole nimeunguza, asante kwa kuuliza. Ya jirani yangu Stana imetoka rangi ya matope, usimwambie mtu.

Ognjen anakula kuliko padri siku ya sikukuu. Viazi upande wake, mayai upande wake, na mimi upande wangu. Anarudia kila ninachosema, tena kwa sauti yangu, kubwa kiasi kwamba hata mimi kiziwi namsikia. Juzi nilimtukana mbuzi. Jana Stana alipoingia akatukanwa yeye, neno kwa neno, mpaka na ule mguno wangu wa mwisho. Hajarudi tena. Kusema kweli nimepumzika.

Kuhusu huo moyo. Kama unawasaidia wanaojifunza, mpeleke mtoto, sina ubishi. Ila wewe nakujua tangu ulipokuwa tumboni. Usije ukawa unalaza sikio kifuani mwa mtoto kutwa nzima kama mtu anayesikiliza ukuta wa jirani. Na hiyo taa ya jikoni, hata wewe ulipokuwa mchanga ulikuwa unatazama moto wa jiko bila kupepesa, shangazi yako akatabiri utakuwa mpishi. Mpaka leo unaunguza supu.

Unasema nyumba ni ndogo. Ilikuwa ndogo pia mwezi wa saba, na Ognjen alikuwa ndani yake. Sikuuliza kuhusu nyumba. Niliuliza lini.

Mtoto hajambo.

Mama yako,
Rosanda

Novi Sad, 29 Oktoba 2017

Mama mpenzi,

Nakubusu mkono. Tumepata ajvar, Bojan amekula mtungi mzima kwa kijiko, amesimama palepale mlangoni na viatu miguuni. Anakushukuru. Huku mvua haikatiki, nguo za Relja hazikauki, nyumba nzima inanuka sabuni.

Umenikataza na mimi nafanya. Nalaza sikio. Nikimwimbia nalaza sikio, nikimwonyesha kijiko nalaza sikio, nikichungulia kutoka nyuma ya pazia kumchekesha, nakimbilia kifua chake kabla hajamaliza kucheka. Jana alianza kulia aliponiona nakuja. Naona sasa moyo wake unaenda mbio kwa sababu yangu mwenyewe, na ninaogopa kuacha, na ninaogopa kuendelea. Bojan ameniambia, “Mwanamke, mtoto si redio.” Nikamfokea. Amelala sebuleni.

Ognjen ananiuliza? Niambie ukweli.

Na nina swali la kijinga. Ognjen amezaliwa Machi, Relja naye Machi. Bibi alikuwa akisema nini kuhusu ndugu waliozaliwa mwezi mmoja? Nilikuwa namcheka, sasa sikumbuki vizuri.

Nevena wako

Brestov Do, 12 Novemba 2017

Nevena,

Nimeshapokea. Sisi wazima. Theluji imefika vilele vya juu, huku chini bado ni matope. Nimeuza kondoo wawili, nimebaki na wale wakorofi kwa sababu hawana mnunuzi.

Unakumbuka vizuri sana, usinifanye mtoto. Bibi yako alisema ndugu waliozaliwa mwezi mmoja wamefungwa pingu moja, na linalompata huyu litamfuata yule. Ili kuwatenganisha unawafunga kwa pingu za farasi, mguu wa huyu na mguu wa yule, unatia kufuli. Mtoto wa nyumba nyingine mwenye afya anafungua, anasema mara tatu, “Nakuchukua uwe ndugu yangu kwa jina la Mungu na Mtakatifu Yohana.” Tangu hapo yeye ndiye ndugu, na yule wa kwanza si ndugu tena, aende na lake. Ilifanywa siku ya Mtakatifu Yohana, ndiyo sikukuu ya nyumba yetu, kwa hiyo watu walikuja kwetu hata kutoka vijiji vya ng'ambo.

Sasa nieleze wewe uliyesomea dawa, unazitakia nini pingu za farasi?

Na nijibu hili kwa sentensi moja. Ognjen ulimleta huku kwa ajili ya nafasi, au kwa ajili hii?

Umetaka ukweli kama anakuuliza. Hapana. Hajaniuliza hata mara moja.

Rosanda

Novi Sad, 10 Desemba 2017

Mama,

Salamu. Relja anakaa bila kuegemezwa. Bojan amerudi na mafua. Nakuandikia akiwa amelala, kwa sababu sitaki asome.

Wiki iliyopita tulikuwa tena kwa Teodora. Relja alikaa mapajani, wakambandika. Mwanamke wa kwenye skrini akaanza kuzungumza, Relja akamkazia macho, hakupepesa. Nami nilikuwa naona pembeni ile kompyuta yao yenye mstari wa moyo. Ulitakiwa ushuke. Haukushuka, Mama. Macho kwa yule mwanamke na moyo unakwenda zake kama treni isiyosimama kituoni. Teodora akaja, akabonyeza kifuani, akasema kibandiko kimelegea, tuanze upya. Tukaanza upya. Safari hii Teodora alikaa akanikinga nisiuone mstari. Labda ni bahati mbaya. Labda amenihurumia.

Umetaka sentensi moja. Ni kwa ajili hii.

Julai nilimkuta Relja amelala chali anapiga viganja hewani, vilevile anavyopiga Ognjen. Ognjen amesimama karibu na kitanda, anapiga vyake. Walikuwa wanafurahi. Nikasema moyoni, anamfundisha, anamvuta upande wake. Baada ya siku chache nikampandisha Ognjen basi la kuja kwako.

Usonji hauambukizi, usiniandikie hilo. Teodora ameniambia, na hata asingeniambia nimesoma. Hautoki kwa kaka kama mafua, hautokani na maziwa wala na woga wa mama. Ndugu wana damu moja, ndiyo maana hatari ipo, basi. Kichwa changu kinalijua hili kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sehemu yangu iliyobaki ndiyo haijui.

Nakuomba kitu, na ukinicheka sitaandika tena. Tutakuja Januari kwa sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Tafadhali toa zile pingu. Zungumza na Stana, Luka wake aje kufungua kufuli, ni mtoto mzima na mchangamfu. Relja amchukue yeye. Ognjen atabaki kwako, nitatuma kila anachohitaji, hatakosa kitu.

Bojan asijue.

Nevena

Brestov Do, 26 Desemba 2017

Nevena,

Krismasi yetu ya Kiorthodoksi, ya Januari, inakaribia na badala ya kuoka mkate nakuandikia wewe. Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaisoma tena nikitumaini imebadilika.

“Hatakosa kitu,” umesema. Haya, nikuambie nililokuwa nakuficha.

Hakuulizi kwa sababu anakusubiri. Ulipomwacha pale kwenye kituo cha basi, darajani, ulimwambia, “Subiri hapa na bibi, Mama anarudi sasa hivi.” Kisha ukapanda. Wewe ulitaka asilie. Yeye alikusikia. Tangu siku ile, kila siku basi linapokaribia, anavaa viatu, anashuka darajani na anasimama. Mlango wa basi ukifunguka anasema, “Mama anarudi sasa hivi.” Kwa sauti yako, Nevena. Na ile haraka yako. Basi likiondoka anarudi nyumbani, anavua viatu, anavipanga. Mvua, matope, vyovyote. Dereva siku hizi anamsalimia kwa heshima kama mkaguzi.

Oktoba basi liliharibika njiani na halikufika. Nilikuwa nakamua mbuzi. Niliposhuka darajani hakuwepo. Alikuwa amelifuata basi barabarani, upande linakotoka. Tulimtafuta kijiji kizima, hata Stana tuliyemtukana alitoka na tochi, na mimi ninayejidai sina masikio nilisimama kando ya mto nikijaribu kusikia. Nikakaa kwenye matope nikalia kwa sauti. Walimkuta kwenye kiwanda cha mbao cha bonde la pili, amelowa, ameketi kwenye magogo, na viatu amevipanga pembeni.

Nilipokuandikia Novemba kwamba sisi wazima, sikuongopa. Alikuwa ameshakauka.

Njoo kwa sikukuu. Pingu zipo ghalani, nimezipaka mafuta. Kufuli linafunguka. Nitafanya kama zamani, kila kitu kwa utaratibu wake.

Mama yako

Novi Sad, 23 Januari 2018

Mama,

Sikubusu mkono. Umenitega.

Kila ninapofumba macho nawaona wamekaa kwenye zulia mbele ya mkate wa sikukuu na mshumaa, Ognjen na Relja, na kile chuma cha farasi miguuni mwao. Ulikuwa mpole mno, nilipaswa kushtuka. Luka amesimama mlangoni na shati lake jeupe, Stana anafuta machozi kabla hata ya kuanza. Nilikuwa nimempakata Relja kwa nyuma, kiganja kifuani mwake, maana siwezi tena kumshika bila kumpima. Ulipotia kufuli Relja hakulia. Aliinua uso akamtazama kaka yake. Na moyo wake ukapungua mwendo, Mama. Chini ya kiganja changu. Ukapungua, ukatulia hapo, ukakaa. Kwangu mimi haujafanya hivyo, wala kwa yule mwanamke wa kwenye skrini.

Unadhani nilifurahi? Sijawahi kuogopa namna ile. Alimtazama kama mtu aliyekuwa ugenini siku nyingi akamwona mtu wa kwao. Nikasema haraka, “Luka, njoo, fungua, fungua!”

Na wewe ukampa ufunguo Ognjen.

Ukamwinamia ukayasema yale maneno sikioni, naye akayarudia kama anavyorudia kila kitu, mara tatu, na mkono mmoja ameushika mguu wa Relja. Kufuli likafunguka. Stana akafanya ishara ya msalaba. Wewe ukageuka ukaanza kukata mkate kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ulijua sheria. Anayefungua ndiye ndugu. Badala ya kuwatenganisha umewafunga upya, tena kwa kiapo. Na kiapo gani hicho, Mama? Anarudia! Hata matangazo ya sabuni anayarudia!

Ndiyo, niliondoka na basi la kwanza asubuhi ili asinione. Nisingeweza kumpita pale darajani. Usiniandikie kuhusu hilo.

Nevena

Brestov Do, 4 Februari 2018

Nevena mwanangu,

Nimekutega, ni kweli, na ningekutega tena. Nilikuambia nitafanya kila kitu kwa utaratibu wake. Utaratibu unataka mtoto anayemchukua mwenzake kwa moyo wake. Luka ulitakiwa umhonge kwa keki.

Anarudia, unasema, hata matangazo ya sabuni. Nimemsikia. Lakini tangazo la sabuni hajawahi kulisema huku ameshika mguu wa mtu. Mungu si karani wa manispaa, haangalii nani alitunga maneno.

Na huo moyo uliotulia. Wewe mwenyewe umetafuta miezi yote hii kitu kimoja ambacho mtoto wako atakitazama mzima mzima. Umekipata, ukakipa kisogo ukapanda basi.

Kuhusu asubuhi ile umenikataza kuandika. Siandiki.

Ulisahau kofia ya Relja. Nimeifua.

Rosanda

Brestov Do, 25 Februari 2018

Nevena,

Mile anapita mikono mitupu. Theluji imefika madirishani, mbuzi wamo ndani na mimi, hatugombani sana. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Ukiwa kimya nawaza mabaya, na mimi peke yangu hapa kwenye mabaya nina kipaji.

Mtoto yupo hai, anakula. Zaidi ya hapo niulize ndipo nitasema.

Mama

Novi Sad, 18 Machi 2018

Mama yangu,

Nakubusu mkono, mikono yote miwili. Nisamehe kimya. Nilianza barua nyingi nikazichana. Bojan anakusalimu. Sasa anajua yote, nilimwambia mwenyewe. Hakufoka. Aliketi kwenye kitanda cha Ognjen, kile tulichokijaza nguo za kupiga pasi, akasema, “Mimi kila wiki nilikuwa nakuuliza lini.” Ni kweli alikuwa ananiuliza. Nilikuwa namjibu kuhusu nafasi.

Relja amefikisha mwaka. Tulikwenda kwa Teodora. Walipomaliza na waya wao akafunga mlango, akavuta kiti, akaketi upande wangu wa meza. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Alisema linalofuata halitoki kwenye moyo wala kwenye utafiti, huo bado hauwezi kumsemea mtoto mmoja. Wamemtazama tu kama wanavyotazama watoto wote. Haitiki jina lake. Haonyeshi kitu kwa kidole. Sauti alizoanza kuzitoa amezipunguza. Hakusema ni usonji, alisema apelekwe apimwe vizuri, na tusisubiri, aanze kusaidiwa sasa akiwa mdogo.

Nilimuuliza kuhusu siku ya sikukuu, bila kutaja pingu. Alisema kiganja cha mama hakipimi moyo, hasa mama anayetetemeka. Kisha akasema kwamba mtoto amzingatie kaka yake kuliko picha ya mtu asiyemjua, yeye hilo halimshangazi. Akauliza, “Kaka yake yuko wapi? Mbona hamji naye?” Nikasema yuko kwa bibi yake. Akaniuliza, “Tangu lini?”

Nilidhani siku nikiyasikia hayo ya Relja nitaanguka. Sikuanguka. Nilimvalisha koti, tukapanda basi la mjini, nikamenya viazi. Nilipokuwa namenya ndipo nilipoona nilichofanya. Nilimtoa mwanangu mmoja ili nimwokoe mwingine. Huyu hakuhitaji kuokolewa, na yule nimemtupa. Amefikisha miaka saba mwezi huu na sikuwepo. Nililia mpaka Relja akaacha kutazama taa akanitazama mimi. Sikulaza sikio. Nilimwacha anitazame.

Bado naogopa, Mama. Naogopa hao wataalamu, naogopa shule, naogopa nani atawaangalia tukifa. Zaidi ya yote naogopa kushuka kwenye lile basi. Lakini nashuka. Tunakuja Jumamosi ya Lazaro, ile ya kabla ya Jumapili ya Matawi, mimi na Relja, na Bojan atatufuata na lori kuchukua vitu vya Ognjen. Namchukua Ognjen.

Mlete darajani, nakuomba. Na mwambie Mama anarudi.

Nevena wako

Brestov Do, 25 Machi 2018

Nevena mwanangu,

Namshukuru Mungu kwa barua hii, nimeisoma nimesimama. Kuhusu Relja nimelia kidogo kisha nimemtafutia blanketi lako la utotoni, lina matundu lakini lina joto. Atakuja kama alivyo, atakula kama alivyo.

Kumleta Ognjen darajani sitaweza, na kumwambia sitamwambia. Hukuniuliza kuhusu asubuhi ile ya Januari, kwa hiyo nilinyamaza. Sasa lazima ujue kabla hujapanda basi.

Aliamka, akakuta kitanda chenu kitupu. Alitembea nyumba nzima, akashika kila mahali ulipokuwa umekaa. Kisha akavivua viatu ambavyo tayari alikuwa amevivaa. Tangu siku hiyo hajashuka darajani. Mwanzoni nilifurahi, njia ilikuwa barafu tupu. Nikasema ameelewa, amekua. Halafu siku moja, saa ya basi ilipofika naye amekaa tu anapanga punje za mahindi, nilishikwa na hofu, nikaisema mimi mwenyewe, kwa sauti kubwa: “Mama anarudi sasa hivi.” Nilitaka tu airudie. Huyu anayerudia mbuzi, redio, matangazo ya sabuni. Aliniangalia usoni, Nevena, kitu asichokifanya, kisha akanyamaza. Nimejaribu tena mara kadhaa. Kila kitu kingine anarudia. Hicho hapana.

Kwa hiyo usishuke ukitazamia kukimbiliwa. Panda mlima mwenyewe mpaka nyumbani. Atakuwa kizingitini na mahindi yake. Usimkumbatie, usilie juu yake, usimwombe kitu. Mkalishe Relja karibu naye, na wewe kaa chini unyamaze. Na kama kuna siku utamwambia jambo, liwe ambalo utalitenda, kwa sababu mtoto huyu anaamini maneno jinsi yalivyo. Aliyaamini yako miezi yote ile.

Hata mimi naogopa. Sijui kama atakuja kwako Jumamosi, au Jumapili, au lini. Njoo na nguo za kutosha kukaa.

Mama yako,
Rosanda